Elizabeth Magie

Elizabeth Magie (9 Mei 1866 – 2 Machi 1948), aliyejulikana pia kama Lizzie Magie na baada ya ndoa Elizabeth Magie Phillips, alikuwa mbunifu wa michezo, mwandishi na mtetezi wa haki za wanawake kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kubuni The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi, ambao ndio asili ya mchezo maarufu wa Monopoly. Kwa miaka mingi sifa ya uvumbuzi huo alipewa mtu mwingine.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Macomb, katika jimbo la Illinois. Baba yake, James Magie, alikuwa mwandishi wa habari aliyepinga utumwa. Mwaka 1858 alifuatana na Abraham Lincoln katika safari za midahalo yake na Stephen Douglas.

Baba huyo ndiye aliyemwonyesha binti yake maandishi ya mwanauchumi Henry George. George alifundisha kwamba ardhi haikuumbwa na mtu yeyote, na kwamba thamani yake hupanda kwa sababu ya kazi ya jamii nzima. Kwa hiyo alitaka serikali itoze kodi juu ya thamani ya ardhi peke yake, na iache kutoza kodi mapato ya wafanyakazi. Magie aliyashika mafundisho hayo maisha yake yote.

Akiwa bado kijana alifanya kazi mjini Washington kama mwandishi wa hati mkato, katika ofisi ya posta iliyoshughulikia barua zisizowafikia wenyewe. Nje ya saa za kazi aliandika mashairi na hadithi, na kuigiza jukwaani. Mwaka 1893 alipata hataza kwa kifaa kilichosaidia karatasi kupita kwa urahisi katika mashine ya taipu.

Ubunifu wa mchezo

Magie aliona kwamba hotuba na vitabu vya uchumi viliwafikia watu wachache, ilhali mchezo ungeweza kuingia katika kila nyumba. Basi akachora ubao wa mraba wenye nafasi za viwanja, njia za reli, gereza na bustani ya umma, pamoja na fedha za karatasi na hati za viwanja. Aliomba hataza mwaka 1903 na kuipata tarehe 5 Januari 1904.

Wakati huo michezo mingi ya ubao ilikuwa na njia yenye mwanzo na mwisho, na aliyefika mwisho kwanza ndiye aliyeshinda. Katika mchezo wa Magie wachezaji walizunguka ubao mara nyingi. Kila walipopita pembe moja, walilipwa mshahara kama malipo ya kazi. Aliyenunua kiwanja alitoza kodi ya pango kwa kila aliyesimama hapo. Hivyo, kadiri mchezo ulivyoendelea, mwenye viwanja vingi alizidi kutajirika na wengine walifilisika, hata kama wote walianza sawa.

Baadaye mchezo ulikuwa na kanuni za aina mbili. Kwa kanuni za kwanza, mshindi alikuwa yule aliyewamaliza wenzake. Kwa kanuni za pili, kodi ya ardhi iliingia katika hazina ya umma, na mchezo ulikwisha pale mchezaji aliyeanza na fedha kidogo kuliko wote alipozidisha fedha zake mara mbili. Ubao ulikuwa uleule. Kanuni ndizo zilizobadili matokeo. Hilo ndilo somo ambalo Magie alitaka wachezaji walione wenyewe.

Toleo la kwanza lilichapishwa mwaka 1906 mjini New York na kampuni ya Economic Game Company. Mwaka huohuo, akiwa Chicago, Magie alitoa tangazo gazetini la kujiuza kama mtumwa kwa atakayetoa bei kubwa. Lengo lake lilikuwa kuonyesha jinsi mwanamke asiye na mume alivyoshindwa kuishi kwa mshahara mdogo. Tangazo hilo lilizungumzwa nchini kote. Mwaka 1910 aliolewa na Albert Phillips. Katika mwaka huo kampuni ya Parker Brothers ilitoa mchezo wake wa kadi uitwao Mock Trial.

Kuenea kwa mchezo

The Landlord's Game haukuuzwa sana madukani, lakini ulienea kwa mikono ya wachezaji. Ulichezwa huko Arden, kijiji cha Delaware kilichoanzishwa na wafuasi wa Henry George, na baadaye kati ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Watu walinakili ubao juu ya kitambaa au karatasi ngumu, wakaandika kadi zao wenyewe, wakaweka majina ya mitaa ya miji yao na kuongeza kanuni. Kanuni za aina ya pili zilisahaulika kwa wengi, na mchezo ukaitwa kwa kawaida mchezo wa monopoly.

Waumini wa madhehebu ya Quaker huko Atlantic City waliweka mitaa ya mji wao, na bei maalumu za viwanja badala ya mnada. Charles Darrow wa Philadelphia alifundishwa mchezo huo na marafiki mnamo 1932. Alitengeneza nakala zake, akauza, na mwaka 1935 akauuza mchezo kwa Parker Brothers kama uvumbuzi wake mwenyewe. Ulimtajirisha.

Mwaka huohuo kampuni ilinunua hataza ya Magie, aliyoipata upya mwaka 1924, kwa dola 500 bila mgawo wowote wa mauzo. Alitumaini kwamba mafundisho yake sasa yangefika mbali. Alipoona sifa zote zinakwenda kwa Darrow, mwezi Januari 1936 alieleza malalamiko yake katika magazeti ya Washington na kuonyesha mbao zake za zamani. Parker Brothers ilichapisha The Landlord's Game mwaka 1939, lakini haukupata wanunuzi wengi.

Kifo na urithi

Katika sensa ya mwaka 1940 alijiandikisha kuwa kazi yake ni kutengeneza michezo, na kwamba mapato yake ni sifuri. Alifariki mwaka 1948 bila kuacha watoto, akazikwa Arlington, Virginia, pamoja na mume wake.

Habari zake zilifufuka miaka ya 1970. Ralph Anspach, mwalimu wa uchumi huko California, aliingia katika mgogoro wa kisheria na wenye Monopoly kwa kutoa mchezo ulioitwa Anti-Monopoly. Alipotafuta ushahidi wa kujitetea, alizikuta hataza za Magie na wazee waliowahi kucheza kabla ya Darrow. Kesi hiyo ilifikia kikomo mwaka 1983 kwa manufaa ya Anspach. Tangu hapo Magie anatambuliwa kuwa mbunifu wa kwanza wa mchezo ambao, kinyume cha nia yake, umewafundisha mamilioni ya watu kufurahia ukiritimba.