Ernst Abbe: Mtaalamu Aliyeujua Mpaka wa Nuru

Ernst Abbe alizaliwa tarehe 23 Januari 1840 katika mji wa Eisenach, Ujerumani. Babake alikuwa nyapara katika kiwanda cha kusokota nyuzi, kazi iliyomtaka kusimama kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Ernst na dadake walipompelekea chakula cha mchana, mzee huyo alikila haraka haraka akiwa ameegemea mtambo. Taswira hiyo haikumtoka mwanawe maishani.

Licha ya ufukara wa nyumbani, kijana huyu alionyesha kipaji adimu cha hisabati, naye mwajiri wa babake akamsaidia kusoma. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena, kisha akaenda Göttingen, alikohitimu shahada ya uzamifu mnamo 1861. Mwaka wa 1863 alirejea Jena akiwa mhadhiri, na mwaka wa 1870 akapandishwa cheo kuwa profesa. Baadaye alisimamia pia kituo cha chuo cha kutazamia nyota.

Mwaka wa 1866, fundi wa hadubini aitwaye Carl Zeiss alimwendea na tatizo. Wakati huo lenzi za hadubini zilitengenezwa kwa kubahatisha: fundi alijaribu hiki na kile hadi apate kinachofaa. Zeiss alitaka hesabu ichukue nafasi ya bahati. Abbe alikokotoa, lenzi zikasuguliwa kwa uangalifu mkubwa, lakini taswira zilizopatikana zikawa hafifu kuliko za zile lenzi za kubahatisha. Mwingine angekata tamaa. Abbe aliligeuza kosa hilo kuwa swali la utafiti.

Aligundua kwamba nuru inapopita kwenye kitu chenye maumbo madogo mno, mawimbi yake hupinda na kutawanyika pembeni. Lenzi zake zilikuwa na mlango mwembamba, hivyo ziliyaacha nje mawimbi hayo yaliyobeba habari za maumbo yenyewe. Kadiri lenzi inavyoyapokea kwa upana zaidi, ndivyo taswira inavyokuwa bayana. Hata hivyo, upana huo una kikomo. Katika makala yake ya mwaka 1873, Abbe alibainisha kwamba hadubini ya nuru haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la nuru. Kwa nuru tuionayo, umbali huo ni kama nanometa 200.

Kwa mtu aliyeshirikiana na kiwanda cha hadubini, kutangaza kikomo cha hadubini lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini kuujua mpaka huo kuliwawezesha mafundi kuufikia. Akishirikiana na Otto Schott, mwanakemia wa vioo, Abbe alisaidia kuanzisha maabara ya vioo mjini Jena mwaka wa 1884. Miaka miwili baadaye, vioo vipya viliwezesha kutengenezwa kwa lenzi zilizoondoa karibu ukungu wote wa rangi. Robert Koch, aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka wa 1882, alitumia vifaa vilivyobuniwa na Abbe.

Tangu 1876 Abbe alikuwa mbia wa Zeiss, na utajiri ukamjia. Zeiss alipofariki mwaka wa 1888, wengi wangedhani kwamba profesa angejilimbikizia mali. Kinyume chake, mwaka wa 1889 aliasisi wakfu kwa jina la mwenzake, na mwaka wa 1891 akaukabidhi hisa zake. Kanuni za wakfu huo za mwaka 1896 ziliwapa wafanyakazi pensheni na likizo yenye malipo. Sehemu ya faida ikakisaidia chuo kikuu. Mwaka wa 1900 kiwanda kilianza siku ya kazi ya saa 8. Abbe alilipima jambo hilo kama alivyopima lenzi, akaonyesha kwa takwimu kwamba kazi iliyofanywa haikupungua. Mwana wa nyapara aliyekula akiwa ameegemea mtambo alikuwa amewawekea wengine mpaka ambao babake hakuupata.

Abbe alifariki mjini Jena tarehe 14 Januari 1905. Mpaka wake wa nuru ulibaki kuwa changamoto kwa wataalamu waliomfuata. Taaluma ya nanofotoniki, inayochunguza nuru katika vipimo vya nanometa, ingali inaanzia kwenye hesabu yake. Mwaka wa 2014, Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kubuni mbinu za kuukwepa mpaka huo kwa kutumia molekuli zinazong'aa. Ushindi wao haukumfuta Abbe. Aliyewaonyesha wenzake ukuta ulipo ndiye aliyewawezesha kutafuta mlango.