Bibi Salme na Ua wa Mtoni

Ukimtaja Sayyida Salme binti Said, iwe Unguja au hapa kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, mazungumzo hukimbilia mambo mawili: yule Mjerumani, na kule kutoka katika dini. Wazee huteremsha sauti, vijana huuliza kama ni kweli, na hadithi huishia hapo. Mimi leo nataka tuanzie kwengine, uani kwao, maana naona mengi ya maisha yake hayaeleweki mtu asipojua alikulia wapi.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika Beit al-Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar, ufuoni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka Circassia. Jumba lile lilikuwa kama kijiji. Mwenyewe alikadiria kwamba humo na viungani mwake waliishi watu wapatao elfu moja. Mto ulipita hapo hapo ukielekea baharini, ndiyo maana pakaitwa Mtoni. Upande wa bahari palikuwa na baraza ya mviringo, ambapo Sayyid Said alipenda kunywa kahawa yake na kutazama vyombo vikipita.

Lakini kilichomkaa moyoni mtoto Salme ni ua. Ulikuwa mkubwa, na ndani yake walizurura paa, tausi, mbuni, heroe, mabata, mabata bukini na kanga, hawakufungwa wala hawakutiwa vizimbani. Watoto walipishana nao. Walikuwa na kazi yao ya kila siku, kuokota mayai, na yai la mbuni ndilo lililoshindaniwa. Waliyapeleka kwa mpishi mkuu, naye akiwatuza vitu vitamu. Kuna mabafu ambako watu walishinda, kuna miti ya vivuli, na kuna farasi, kwani watoto wa nyumba ile, wa kike na wa kiume, walianza kufundishwa kupanda wakiwa na umri wa miaka mitano hivi. Binti wa mfalme, na starehe yake kubwa ni kufukuzana na ndege!

Alipokuwa na miaka saba, yeye na mama yake walihamia mjini, Beit al-Watoro, kukaa na kaka yake Majid. Nyumba ilikuwa nzuri, ila ilimbana. Mtoto aliyezoea kukimbia akajikuta kati ya kuta na ngazi. Majid alimpenda, akamfundisha kupanda farasi vizuri zaidi, kutumia upanga na kulenga shabaha. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri. Watoto wa kike siku hizo walifundishwa kusoma Qur'ani tu. Kalamu haikuwa yao. Basi yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia, ndiyo slate ya zama zile, akawa anaiga herufi za msahafu mpaka mkono ukakubali.

Kalamu ile ndiyo iliyomponza. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman, na Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1859 Bi Jilfidan naye akafa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo kaka mwengine, Barghash, akataka kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa upande wa Barghash, akiandika barua za siri. Jaribio likashindwa. Barghash alipelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu waliogawanyika, wengi wao hawamtaki.

Hapo alifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote aliyoyafanya: alikwenda shamba. Kwanza Kizimbani, kwenye mikarafuu aliyorithi, kisha Bububu, nyumba iliyo karibu na bahari. Hakuna fitina za mjini, hakuna wageni wa kila saa. Asubuhi bahari iko mbele, ngarawa za wavuvi zinapita, nyuma yake miti. Aliyaeleza baadaye maisha ya Bububu kama mtu anayeeleza afya baada ya ugonjwa.

Tusipambe lakini. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na Bibi Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa kwa hoja ambazo leo hazisimami. Utulivu wake ulibebwa na mabega ya wengine.

Bububu haikudumu. Majid alimwomba nyumba ile kwa ajili ya balozi wa Uingereza, naye akaitoa, labda kwa kutaka kusuluhiana na kaka yake. Akarudi mjini, na jirani yake akawa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Mengine mnayajua. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, akiwa mja mzito. Aden, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mimi ni Muislamu na jambo hili linaniuma. Hukumu yake iko kwa Mola, si kwa mwandishi wa safu. Ninachoweza kusema ni kwamba barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, zinaonyesha mtu ambaye nafsi yake haikutulia huko alikokwenda.

Hamburg ilikuwa na baridi, na milango iliyofungwa. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Nasoma habari zake nikiwa Mashuuru, Kajiado, ambako riziki imetuleta baadhi yetu watu wa Pwani. Huku swala bado hukaribia nyumba, na ndege wanakuamsha kabla ya adhana ya simu. Lakini kila mwezi kuna ploti mpya na seng'enge mpya. Kitengela, jirani zetu, walianza hivyo hivyo, na nyumbu waliokuwa wakivuka kutoka mbuga ya Nairobi sasa wanakuta ukuta. Nasi tunaotoka Mombasa tunafika na tabia yetu ya kusakafia ua wote, hata mpapai haupati pa kusimama. Nikisoma habari za ua wa Mtoni najiuliza tulianza lini kuogopa majani uani.

Mwaka 1885 Bibi Salme alirudi Zanzibar, safari hii kwa meli za Wajerumani, waliomtumia kumtisha Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake, alikataa hata kumwona, na urithi hakupata. Salme alikwenda Mtoni. Jumba lilikuwa limeanza kuanguka, magugu yameota palipokuwa na mabafu, hakuna tausi wala paa. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka Berlin, na kurasa za mwanzo kabisa ni za ule ua, na wanyama wake akiwataja mmoja mmoja.

Alirudi tena mwaka 1888 na bintiye Rosalie, akaambulia patupu. Hakutaka kukaa Ujerumani. Aliishi Beirut miaka mingi, mahali penye bahari na adhana, mpaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kwa wakwe zake. Katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa ufuo wa Zanzibar, wakauzika pamoja naye.