Fundi wa bastola isiyokwama

Ukisikia wasee wakibishana bastola gani ya kujilinda inaaminika, jua wanabishana juu ya kazi ya John Browning, hata kama hawamjui. Alizaliwa 1855 kule Ogden, Utah, Marekani. Babake alikuwa fundi wa bunduki, kwa hivyo kijana alikulia kwenye karakana, mikono imejaa grisi.

Sasa fikiria uko na jambazi mlangoni usiku. Unafyatua, bastola inakwama. Utaomba nafasi ya pili kwa nani? Hapo ndipo Browning alitia bidii. Machi 1911 jeshi la Marekani lilipiga risasi 6,000 kwa bastola yake, siku mbili mfululizo. Ikishika moto sana wanaichovya majini, kisha wanaendelea. Haikukwama hata mara moja! Ile ya wapinzani wake, Savage, ilisumbua mara 37. Mwezi huohuo jeshi likachagua ya Browning, na likakaa nayo zaidi ya miaka 70.

Shida ni kwamba chuma cha kuaminika kinamtii yeyote anayekishika. Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na mkewe. Alitumia bastola ya Browning iliyotengenezwa na kiwanda cha FN, Ubelgiji. Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka, na kufikia Agosti Wajerumani walikuwa wameingia Taveta yetu hapa.

Browning alifariki 1926 akiwa kazini Ubelgiji, katika kiwanda hichohicho. Aliacha bastola nyingine haijakamilika. Dieudonné Saive aliimalizia, ikatoka 1935.