Dorothy Eustis: Mama aliyefundisha watu kufanya kazi na mbwa

Juni 1928, kijana asiyeona anayeitwa Morris Frank alishuka melini New York akiwa na mbwa jike, Buddy. Waandishi wa habari walimtaka avuke West Street, barabara pana ya karibu na bandari iliyojaa magari. Frank alikamata mshikio uliofungwa kwenye mwili wa Buddy, wakaingia barabarani. Walivuka salama.

Nyuma ya safari hiyo alikuwepo mwanamke wa Kimarekani, Dorothy Harrison Eustis.

Kutoka ng'ombe hadi mbwa

Dorothy alizaliwa mwaka 1886 huko Philadelphia, katika familia yenye uwezo. Yeye na mume wake wa kwanza, Walter Wood, walikuwa na shamba katika jimbo la New York, ambako walichagua mbegu bora ya ng'ombe ili kuongeza maziwa. Wood alifariki mwaka 1915.

Baadaye Dorothy alihamia Uswisi, akaolewa na George Eustis. Maarifa ya ng'ombe akayapeleka kwa mbwa aina ya German shepherd. Alitaka mbwa mwenye akili, afya na tabia tulivu. Akishirikiana na mtaalamu Jack Humphrey, alizalisha na kufundisha mbwa waliotumiwa na polisi na jeshi la Uswisi.

Barua kutoka Tennessee

Mwaka 1927 alitembelea chuo cha Potsdam, Ujerumani, ambako mbwa walifundishwa kuwaongoza askari waliopofuka katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyoyaona aliyaandika katika gazeti moja la Marekani, Novemba mwaka huo. Baba yake Frank alimsomea mwanawe makala hiyo nyumbani Nashville, Tennessee. Kijana huyo, aliyekuwa amechoka kushikwa mkono kila aendako, alimwandikia Dorothy kuomba mbwa. Aliahidi kwamba akifanikiwa, atasaidia kufungua chuo Marekani. Dorothy alimwita Uswisi, na Humphrey akamfundisha.

Anayefundishwa zaidi ni mtu

Wengi hudhani mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Mtu ndiye anayejua anakokwenda, na ndiye anayetoa amri: mbele, kulia, kushoto. Kazi ya mbwa ni kuepuka mashimo, nguzo na magari. Akiamriwa kwenda mbele palipo na hatari, hukataa. Kwa hiyo mtu naye lazima ajifunze kutii: mbwa akisimama, usimsukume, tafuta kwanza sababu.

Buddy alifundishwa kwa sauti, kusifiwa na kupapaswa, kwani mbwa anayemwogopa bwana wake hawezi kumlinda barabarani. Frank naye alijifunza kumlisha na kumtunza mwenyewe, ili mbwa ajue huyu ndiye mtu wake.

Januari 1929 chuo kilichoitwa The Seeing Eye kilianzishwa Nashville, kisha kikahamia New Jersey. Kikwazo kikubwa kilikuwa uhaba wa wakufunzi, maana kumwandaa mkufunzi huchukua muda mrefu kuliko kumwandaa mbwa. Wanafunzi wa ukufunzi walifungwa macho kwa kitambaa na kutembea na mbwa, ili wajue mtu asiyeona anategemea nini. Dorothy alisaidia pia Uingereza, ambako mbwa wanne wa kwanza walimaliza mafunzo mwaka 1931.

Aliongoza The Seeing Eye hadi mwaka 1940, akafariki mwaka 1946. Chuo hicho kipo mpaka leo.

Somo kwa leo

Siku hizi, katika nchi kadhaa, mbwa hupelekwa pia hospitalini na shuleni kuwafariji wagonjwa na watoto. Hawa si mbwa wa kuongoza, lakini kanuni ni ileile: salama ya mgonjwa huanza na anayemshika mbwa. Lazima ajue dalili za mbwa aliyechoka au mwenye hofu, kama kupiga miayo ovyo, kulamba midomo, kugeuza uso au kukunja mkia. Akiziona, amtoe mbwa apumzike na kunywa maji, hata kama watu bado wanataka kumshika. Mbwa aliyelazimishwa anaweza kuuma, na lawama haitakuwa yake.