Grand Kallé: diski zake za zamani zinarudi, lakini zinarudi kwa nani?

Diski za Joseph Kabasele, muimbaji mwenye Wakongomani wengi wanajua kwa jina la Grand Kallé, zinatafutwa tena. Katika muji wa Brussels, nyumba ndogo ya muziki yenye kuitwa Planet Ilunga ilikusanya nyimbo zenye zilitoka kati ya mwaka wa 1960 na 1963, na kuzitoa upya kwenye diski kubwa za vinyle, kwa hesabu ndogo. Ni nafasi ya kukumbuka maisha ya mutu huyu, kwa sababu nyimbo hizo si nyimbo tu: zilitoka katika kampuni yake mwenyewe.

Kabasele alizaliwa Matadi tarehe 16 Desemba 1930. Alikuwa wa jamaa moja na Joseph Malula, mwenye alikuja kuwa kardinali wa Kinshasa. Mwaka wa 1953 alianzisha orkesta African Jazz. Wakati ule, studio na biashara ya diski Léopoldville zilikuwa mu mikono ya wafanyabiashara wageni. African Jazz ilirekodi kwa Opika, moja ya nyumba hizo. Mwanamuziki alileta sauti, mwingine akashika biashara. Katika orkesta hiyo ndimo Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, alijulikana kwa gita lake, na nyuma kidogo Tabu Ley Rochereau akaingia.

Mwezi wa Januari 1960, viongozi wa Kongo walienda Brussels kwa mazungumuzo ya Table ronde. Thomas Kanza alipanga wanamuziki pia waende. Kabasele alienda na watu wake, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz. Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, yaani 30 Juni, wimbo Indépendance Cha Cha ulizaliwa kule kule. Unataja vyama na viongozi wenye walikuwa wanashindana, wote pamoja katika wimbo mumoja. Redio ziliusambaza Kongo yote, kisha Afrika yote.

Mwaka huo huo Kabasele alifanya jambo lenye watu wanalisahau: alianzisha Surboum African Jazz, kampuni ya diski ya Mukongomani. Nyimbo zilirekodiwa Ubelgiji na kuuzwa nyumbani. Hakujifikiria yeye peke yake, kwa maana Surboum ilitoa pia diski za OK Jazz ya Franco, mushindani wake mukubwa. Brussels, alimuita Manu Dibango wa Kameruni katika orkesta, na kijana huyo akamufuata mupaka Léopoldville.

Lakini kuwa bwana wa diski kulileta pia matatizo ya bwana. Wanamuziki walilalamika juu ya malipo. Mwaka wa 1963 Nico, Rochereau na Roger Izeidi walitoka na kuunda African Fiesta. Kabasele alijenga tena African Jazz na watu wengine, lakini nguvu ya zamani haikurudi. Baadaye, Paris, aliimba na African Team, pamoja na Dibango. Alikufa tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52.

Nyimbo zake nyingi zilitoka kwenye diski ndogo za tours 45. Watu walizipiga ku baa na ku sikukuu mupaka zikakwaruzika. Ndiyo sababu wenye kuzitoa upya wanapashwa kutafuta nakala nzuri kwa watu wenye kuzikusanya, kusafisha sauti, kisha kutengeneza diski chache. Ni kazi ya heshima. Hata hivyo, wanunuzi wengi wako mbali na Kinshasa, Bukavu ao Lubumbashi, na bei ya diski moja ni nzito kwa mwalimu wa huku kwetu.

Mwaka wa 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya mali za utamaduni wa dunia. Heshima hiyo inaomba kazi hapa nyumbani pia. Kabasele alitaka muziki wa Wakongomani uwe mu mikono ya Wakongomani. Kama kwenu kuko sanduku la diski za babu, musilitupe wala kuliuza kwa haraka. Zisimamisheni wima, mbali na jua na maji, na muandike majina ya wenye waliziimba. Pengine ndani mule muko ile nakala yenye inatafutwa Brussels.