Maisha ya Lars Leksell, Tabibu wa Ubongo

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma humu habari za wafalme, wasafiri na washairi. Muhula huu naomba nafasi niwaeleze maisha ya tabibu wa Uswidi, mtu mashuhuri sana katika hospitali za dunia, ingawa shuleni kwetu jina lake halitajwi.

Mimi nilimjua kwa sababu ya shida. Mwaka jana mama yangu mkubwa wa Pangani, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi, alianza kuona kila kitu viwili viwili na kupaliwa na maji ya kunywa. Alipopigwa picha ya kichwa huko Dar es Salaam, ilionekana kwamba saratani imesambaa hata kwenye shina la ubongo, kivimbe kisichozidi punje ya kunde. Shina la ubongo ni mahali pembamba ambapo ubongo huungana na uti wa mgongo, na humo hupita amri za kupumua, kumeza, kutazama na mapigo ya moyo. Kisu hakiingii pale ila kwa hatari kubwa. Waganga wakashauri mionzi ya kulenga. Wazee nyumbani wakaogopa, maana walidhani kichwa chote kitaunguzwa. Na kwa kuwa mimi nasoma sayansi, nikaagizwa nikirudi likizo nije na maelezo. Ndivyo nilivyoanza kusoma habari za bwana huyu.

Leksell alizaliwa tarehe 23 Novemba, 1907, karibu na mji wa bandari wa Göteborg. Alisomea utabibu Stockholm, na mwaka wa 1935 akaanza kujifunza upasuaji wa ubongo kwa Herbert Olivecrona, bingwa wa kazi hiyo. Siku zile kupasua ubongo kulikuwa jambo la saa nyingi na damu nyingi, na wagonjwa wengi hawakupona. Urusi ilipoishambulia Ufini mwishoni mwa mwaka wa 1939, Leksell alijitolea kwenda kutibu majeruhi. Huko, akihangaika na risasi zilizokwama katika uti wa mgongo, akapata wazo la koleo la kukatia mfupa ambalo wapasuaji wanalitumia hata leo. Ndiyo ilikuwa tabia yake: chombo kikimshinda, alitengeneza kingine.

Sisi watu wa bandarini tutalipenda na hili. Katika miaka ya 1950 alichukua mtambo wa sauti isiyosikika kwa sikio, wa namna ile iliyotumika kutafuta nyufa katika vyuma vya meli, akaujaribu juu ya kichwa cha mtoto aliyeumia, akagundua damu iliyoganda ndani ya fuvu.

Lakini kazi iliyomletea sifa ilianza mwaka wa 1947, alipokwenda Philadelphia, Marekani, kuwatazama waganga wawili, Spiegel na Wycis, waliokuwa wakifunga fremu kichwani mwa mgonjwa ili kuiongoza sindano ndani ya ubongo. Aliporudi akatengeneza fremu yake mwenyewe, akaitangaza mwaka wa 1949. Ilikuwa na tao la chuma, na mahali panapotakiwa kutibiwa pakawekwa katikati ya tao hilo. Basi sindano ikipitishwa mbele, nyuma au ubavuni, ncha yake hufika pale pale.

Kisha akajiuliza: ikiwa pande zote zinaelekea mahali pamoja, ya nini sindano? Kwa nini isipitishwe mionzi, na fuvu lisitobolewe kabisa? Mwaka wa 1951 akaandika shauri hilo, akaliita upasuaji kwa mionzi. Kila mshale wa mionzi uwe hafifu, upite bila kudhuru njiani. Bali pale inapokutana yote, nguvu zake zijumlike. Nilipowaeleza wazee hivyo, mzee mmoja wa Muheza alisema kwamba huo ni msaragambo: kila mtu analeta jiwe moja, hapana anayeumia mgongo, na msingi unajaa. Sijaona kitabu kilichoeleza vizuri zaidi.

Kuwaza ni jambo moja na kupata chombo ni jambo lingine. Kwanza alifunga mtambo wa eksirei kwenye tao lake, akawatibu watu wenye maumivu makali ya uso. Lakini eksirei zile zilikuwa dhaifu. Akaenda Uppsala, akashirikiana na mwanafizikia Börje Larsson kutumia miali ya protoni. Hiyo ilifaa, ila mtambo wake ulikuwa mkubwa mno kwa hospitali. Mwisho akachagua kobalti 60, ambayo hata sisi hatuigeni, maana Ocean Road ya Dar es Salaam ilitibu wagonjwa kwa mashine za kobalti miaka mingi kabla ya mashine mpya za umeme za mwaka 2018. Leksell alipanga vipande 179 vya kobalti kuzunguka kofia nene ya chuma yenye matundu, yote yakielekea mahali pamoja. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka wa 1967. Tangu kuandika shauri lake ilikuwa imepita miaka 16.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mashine hiyo hakuikusudia hasa kwa saratani. Alitaka kutuliza maumivu na mitetemeko. Picha za kuonyesha kivimbe kidogo ndani ya ubongo zilikuja baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, ndipo waganga wakaona wapi pa kulenga. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu mwaka wa 1974, na tarehe 12 Januari, 1986, akafa akiwa matembezini katika milima ya Uswisi, umri wake miaka 78.

Wazee walitaka kujua kama tiba hiyo yafaa. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,400 waliotibiwa hivyo katika shina la ubongo. Kwa muda wa mwaka mmoja, vivimbe kama 86 katika kila 100 vilizuiwa kukua, na waliodhurika vibaya hawakufika 3 katika 100. Sikuwaficha kwamba mionzi hiyo haigusi saratani iliyo kwingine mwilini.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, ina mashine ya namna hiyo. Si ile ya kobalti. Ni mkono wa chuma unaomzunguka mgonjwa, uliobuniwa na Mmarekani John Adler. Adler huyo alikwenda Stockholm mwaka wa 1985 kujifunza kwa Leksell, aliyekuwa mzee sana. Mama mkubwa alipita Horohoro na mwanawe, akatibiwa siku tatu, hakukatwa popote. Sasa anakunywa maji bila kupaliwa. Jioni bado huona taa mbili palipo na moja, na mwezi wa sita atapigwa picha nyingine.