Hassan Fathy, Msanifu wa Nyumba za Udongo

Mkikaa chini ya mabati saa nane mchana mnajua kwamba joto la Kipsing si mchezo. Ukiingia manyatta iliyokandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, unapata nafuu. Lakini muulize yeyote aliyeuza mbuzi wake kumi atajenga nini. Mabati! Leo nawasimulia habari za Mmisri mmoja aliyeshindana na jambo hilo maisha yake yote.

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi mwaka wa 1900. Alisomea usanifu wa majengo huko Cairo, akahitimu mwaka wa 1926. Baba yake alikuwa na mashamba, na kijana huyu alipoona vibanda walimolala wafanyakazi wa shambani, roho ilimuuma. Wasomi wenzake walitamani saruji na chuma kama Wazungu. Yeye akajiuliza, maskini atavinunua kwa pesa gani? Udongo upo chini ya miguu yake, wa bure.

Shida ilikuwa paa. Ukuta wa udongo ni rahisi, lakini paa lataka mbao, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili mbao zilikuwa adimu. Alijaribu kuezeka kwa matofali ya udongo, paa likaporomoka. Ndipo ndugu yake akamwambia kwamba Wanubi wa Aswan huezeka hivyo bila hata ubao mmoja. Akafunga safari. Kumbe siri yao ilikuwa hii: safu ya kwanza ya matofali huegemezwa kimshazari kwenye ukuta wa nyuma, ya pili ikaegemea ya kwanza, hivyo hivyo mpaka chumba kifunikwe kwa tao. Msomi mzima akawa mwanafunzi wa mafundi wa kijijini, na hapo ndipo mimi nampendea.

Mwaka wa 1946 alianza kujenga kijiji cha New Gourna, karibu na Luxor. Serikali ilitaka kuwahamisha watu waliokaa juu ya makaburi ya kale, maana vitu vya makaburini vilikuwa vikiibwa. Fathy akajenga msikiti, soko, shule, hata jumba la michezo ya kuigiza, vyote kwa udongo. Wapi! Wenyewe wakakataa kuhama. Riziki yao ilikuwa kule makaburini, na inasimuliwa pia kwamba kuba kwao lilikuwa la kaburi, si la nyumba ya kulala. Kijiji hakikukamilika. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa la udongo. Watu waliambiwa wahame, hawakuulizwa.

Mwaka wa 1964 nyumba za majaribio zilipimwa joto huko Cairo. Ndani ya ile ya udongo, yenye kuta nene za sentimita 50, joto lilibadilika kwa digrii 2 tu usiku na mchana. Ile ya saruji nyembamba ilifika digrii 36, ikawa na joto kuliko nje!

Sifa zilikuja uzeeni. Kitabu chake kuhusu Gourna kilichapishwa Chicago mwaka wa 1973, na mwaka wa 1980 akapata tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba 1989. Mwaka uliofuata, Waingereza wakaanza BREEAM, mpango wa kuyapa vyeti majengo yanayotunza mazingira. Siku hizi Nairobi kuna majengo yenye cheti cha EDGE, ambacho hutaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati linayotumia, ya maji, na ya athari za kutengeneza vifaa vyake kwa mazingira. Kwa hilo la vifaa, matofali yaliyokaushwa kwa jua hayana mpinzani.

Na New Gourna je? Watu walihamia baadaye kidogo kidogo. Maji ya chini ya ardhi na chumvi vikala kuta, na wakazi wengi wakabomoa nyumba za udongo wakajenga za saruji. Msikiti bado umesimama, na watu huswali humo.